Mbwa Kwenye Zulia Letu

Juzi mzee mmoja alipanda basi na mbwa wake aliyelowa chapachapa, akaketi kiti cha mbele yangu, na kwa vile madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, harufu ikatuenea sote. Abiria wenzangu walikunja nyuso kwa adabu wakarudi kwenye simu zao. Mimi nilikaa kidogo, nikabadilisha mguu, nikabadilisha tena, mwisho nikabonyeza kengele nikashuka kabla ya kituo changu. Si kwamba nachukizwa na mbwa. Miguu tu ilikataa kukaa. Nilitembea kwenye mvua mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye kopo la dengu mkononi.

Tulikuwa tukiishi Ladywood, mtaa wa Birmingham, Uingereza, ghorofa za juu kabisa, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa nzima siku ikipenda yenyewe. Unguja, kabla sijazaliwa, Baba alikuwa na duka la kupigia picha, na maharusi wa mjini walikuwa wakipanga zamu kwake. Birmingham alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala moja huko Tyseley, na kamera zake zilikaa juu ya kabati zimefungwa kwa taulo. Mama alikuwa nyumbani. Na majira yale ya baridi aliongezeka Bibi, mamake Baba, aliyeshuka ndege na sanduku lililojaa udi, ubani na karafuu, akatandaza msala wake sebuleni na kutangaza kwamba haondoki mpaka Allah apende. Alikuja kwa kazi moja: kumlinda Mama.

Kumlinda na nini, hakuna aliyeniambia, lakini nilijua kwa ile njia ya watoto, ya kusikia nyuma ya milango. Mwaka wa nyuma Mama alikwenda hospitali na tumbo kubwa akarudi bila tumbo na bila mtoto. Nguo ndogondogo zilizokuwa zimekunjwa kwenye droo zikapotea. Bibi alipopata habari kule Unguja, alisema kwenye simu, kwa sauti iliyonifikia mpaka chumbani kwangu, kwamba sisi ndio tuliojitakia: tulinunua nguo mapema, tukazianika barazani watu wakaziona, tukamtajia kila mtu. Jicho la watu si la kuchezea.

Kwa hiyo mara hii hatukusema kitu. Tumbo la Mama lilikua na sisi tukalipita kama meza iliyowekwa mahali pabaya. Hakununuliwa mtoto hata soksi. Jina halikutajwa. Mama alipokunja uso na kushika ubavu, Baba alitazama dirishani. Siku moja nilinyoosha mkono nimguse tumboni, nisikie kuna nini mle, na Bibi akanipiga kofi jepesi la vidole. "Weye mtoto, muache mamako! Hutulii hata kidogo?" Kweli sikuwa nikitulia. Nilimtaka mtoto yule kwa hamu iliyonikosesha usingizi. Nilikuwa nimechoka kuwa mtoto peke yangu katika nyumba ya watu wazima wanaonong'ona. Na sheria moja ilikuwa juu ya zote: Mama asiachwe peke yake, kwa sababu mwaka wa nyuma alikuwa peke yake.

Ndiyo maana Baba alipopata ile kazi ya Jumamosi, mwisho wa Aprili, tulikwenda sote. Msimamizi wake pale ghalani alikuwa na mke mwenye mapenzi makubwa na mbwa, ambaye alikuwa akiendesha mashindano ya vijana na mbwa wao kwenye ukumbi mmoja upande wa Nechells. Mpiga picha wao aliugua ghafla. Msimamizi akakumbuka picha za harusi ambazo Baba alikuwa amebandika ndani ya kabati lake la kazini, akamwuliza kama angeweza kupiga picha mbwa. Baba akasema anaweza kupiga chochote chenye uso. Alirudi nyumbani siku hiyo akizishusha kamera kutoka juu ya kabati, akipiga mluzi.

"Mbwa?" alisema Bibi. "Nimekusomesha uje kupiga picha mbwa?"

"Watoto, Mama. Watoto na mbwa wao."

"Na huyu?" Bibi alimwonyesha Mama kwa kidevu, maana hata kumtaja hakumtaja.

"Huyu atakuja nasi. Nawe utakuja. Sote."

Nilijua mashindano ya mbwa kwenye televisheni tu, na nilidhani tunakwenda kuona mbwa wakiruka ndani ya pete za moto. Tulikuta ukumbi mkubwa wa mabati, mvua ikipiga juu, zulia la kijani limetandazwa katikati, na mbwa kila mahali, wamelowa, wanatikisa manyoya, wanapakwa unga mweupe na kuchanwa kwa vitana vizuri kuliko changu. Wenye mbwa walikuwa watoto wa umri wangu na wakubwa kidogo, wamevaa makoti na tai kama mawakili. Aliyekuwa akihukumiwa hasa ni mtoto mwenyewe: anavyomsimamisha mbwa, anavyokimbia naye. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa akiwazunguka bila kutabasamu. Palinuka mbwa, chai ya maziwa na nguo za mvua.

Baba alisimamisha kamera pembeni, mbele ya pazia la bluu, akatupangia kazi. Mama alikaa nyuma ya meza ndogo akiandika majina kwenye bahasha. Bibi alipewa kiti, naye akapandisha miguu yote miwili juu ya begi la taa, akakusanya buibui lake magotini, tasbihi mkononi, akawatazama mbwa mmoja mmoja ili kila mmoja ajue ameonekana. Mimi nilipewa kopo la biskuti lenye dengu kavu ndani. "Wewe usiyetulia," alisema Baba, "leo ndiyo siku yako. Simama nyuma yangu, ruka, tikisa." Nikitikisa, mbwa alisimamisha masikio akatazama, na Baba akabonyeza. Sijawahi kupewa kazi iliyonifaa namna ile.

Unguja, Baba alikuwa na mtindo wake: kabla ya kila picha alikuwa akimwinua bi harusi kidevu kwa vidole viwili, akisema, "Kidevu, kidevu." Hapa vidole visingewezekana, kwani pua za mbwa zilikuwa na majimaji na swala ya adhuhuri iko njiani. Akachukua rula ya mbao ya ushonaji ya Mama, akawa anaipitisha polepole chini ya taya ya mbwa na kuinua. "Kidevu, kidevu," anawaambia kwa Kiswahili, na mbwa wa Kiingereza wakainua videvu kama maharusi. Wazazi wao, namaanisha wazazi wa watoto, wakacheka na kuja na wengine. Foleni ikawa ndefu. Nilimwona Baba akiwa mrefu kuliko kawaida yake.

Basi mchana akaja msichana mmoja mwenye waya kwenye meno na mbwa mkubwa mweusi wa manyoya marefu, jike, aitwaye Molly. Huyu Molly hakutulia. Alizunguka, alijikwaa kwenye kamba, alikojoa karibu na pazia. Nilitikisa dengu mpaka mkono ukauma. Halafu, kamba ikiwa imelegea mkononi mwa msichana, mbwa yule akageuka, akapita chini ya meza, akatokea upande wa Mama, na akaweka kidevu chake juu ya tumbo lake.

Akatulia. Mkia haukucheza. Mama alikuwa ameinua mikono yote miwili juu na kalamu bado iko kwenye vidole, na nilingoja amsukume. Hakumsukuma. Mkono mmoja ulishuka taratibu ukakaa juu ya kichwa kile cheusi. Kisha nikaona kwa macho yangu nguo ya Mama ikiruka, kitu kikisukuma kutoka ndani, na sikio la mbwa likainuka. Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, na kichwa nyuma, na sikumbuki kumsikia akicheka tangu mwaka wa nyuma. Nyuma yangu kamera ikalia. Baba hakuwa amesema "kidevu" wala chochote.

"Anajua kuna mtoto," alisema yule msichana kwa Kiingereza, wala hakushangaa. "Alimfanyia mama yangu hivihivi. Anazaliwa lini?"

Nilikumbatia kopo langu. Hakuna aliyewahi kumwuliza Mama swali hilo mbele yangu. Na Mama akamjibu, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa: "In the summer. August, inshallah."

"Anasemaje? Kasema nini mtoto huyo?" Bibi akaniuliza. Nami, mjinga wa kutafsiri, nikamfasiria lote, mbwa na mtoto na Agosti.

Bibi alishuka kwenye kiti chake kwa kasi ambayo sikuijua. "Yarabi toba! Mtoe! Mtoe mnyama huyo!" Alimshika Mama kwapani akamwinua, akampeleka nje ya mlango, penye vyungu vya maua, nami nyuma yao na chupa ya maji. Akachota udongo wa maua yale kwa kiganja, akampaka Mama mkononi mpaka kwenye kiwiko, akaanza kumwosha na kuhesabu mpaka saba, kama tulivyofundishwa kutwaharisha mate ya mbwa, huku mvua ikitumwagikia sote. Alipomaliza mkono akaosha na nguo pale tumboni, lakini kwa ncha za vidole, kwa mbali, kama anaosha kitu cha moto. Msichana mwenye waya alitufuata, akasimama mlangoni na mbwa wake. "Kwa nini anampaka mama yako udongo?" Nikamwambia ni dawa ya ngozi. Akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa ametulia tuli chini ya mikono ya Bibi, amelowa, na bado anatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Maana mimi nilikuwa na elimu. Madrasa yetu ilikuwa juu ya duka la mazulia, na Ustadhi alikuwa ametufundisha mambo mawili ambayo mwenyewe hakuyaweka pamoja. Niliyeyaweka pamoja ni mimi. La kwanza: malaika hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. La pili: ni malaika anayekuja kumpulizia mtoto roho tumboni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Malaika wa mtoto wetu bado alikuwa njiani, kwani mtoto hajazaliwa. Akifika Ladywood, akapanda mpaka kwetu, akakuta mbwa, atageuka arudi. Na mwaka wa nyuma? Nilikumbuka kwamba mwaka wa nyuma kalenda ya jikoni ilikuwa na picha ya paka. Sikuwa na hakika kuhusu paka, lakini ilinitosha.

Baada ya siku kadhaa picha zikarudi kutoka kusafishwa, na meza yetu ilikuwa ndogo, kwa hiyo Baba akazitandaza kwenye zulia la sebuleni ili azipange. Mbwa weupe, mbwa wa madoa, mbwa wenye nywele za machoni, wote wameinua videvu, kutoka kwenye sofa mpaka mlangoni. Nyumba yenye mbwa na picha kwa pamoja! Na katikati yao Mama, anacheka, mkono juu ya kichwa cheusi. Baba alikuwa akizitazama kwa raha, akichagua, akibadilisha, kazi ya jioni nyingi. Bibi alisema neno moja tu, kwamba zisiwekwe upande wa kibla. Nilishindwa kuelewa kwa nini haoni hatari iliyo wazi namna ile.

Nikawa kila nikipita nazigeuza kifudifudi kwa kidole cha mguu. Baba akirudi kazini anazigeuza juu. "Nani anayegeuza picha zangu?" aliuliza, akimtazama Bibi. Bibi alimtazama yeye. Shuleni nilikuwa nikitoka darasani kwenda chooni bila haja. Nikirudi nyumbani napanda ngazi mbiombio badala ya lifti, nikidhani nikifika mapema nitamwahi malaika mlangoni nimweleze.

Asubuhi moja nilimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono chini ya tumbo, anasikiliza. Baba akatokea na sabuni bado shavuni. "Hajacheza tangu jana," alisema Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimtaja ndani ya nyumba ile. Baba alivaa viatu bila soksi. Wakaondoka kwenda hospitali, na lifti siku hiyo ikakubali kufanya kazi.

Nilibaki na Bibi na mbwa. Bibi alipanga vikombe, akavipangua, akafuta jiko lililokuwa safi. Nilizunguka picha zile mpaka nikashindwa kuzuia.

"Bibi, please, tuzitoe nje. Zote. Tuzitie kwenye lifti."

"Utoe nini?"

"Mbwa! The angel can't come in. Malaika hawezi kuingia, ndiyo maana baby hachezi." Nikamweleza yote, Ustadhi, roho, kalenda ya paka, Kiswahili kikiniishia naongeza Kiingereza. Kiingereza cha Bibi kilikuwa kidogo, lakini alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kitambaa cha jiko mkononi.

"Malaika anayemfuata mtoto tumboni hapiti mlangoni kwetu, mwanangu," alisema. "Na roho alishapuliziwa zamani. Hukumwona akiruka pale kwa mbwa?"

"Then why ulimwosha Mama? Why were you shouting?"

Alikitundika kitambaa. Kisha akaketi kwenye sofa, jambo ambalo mchana hakuwa akilifanya. "Kuosha ni sheria, ningemwosha tu. Lakini makelele yale... niliogopa. Naogopa toka nishuke ndege. Na mtu akiogopa hawezi kukaa, anatafuta la kufanya."

Sikuwahi kusikia mtu mzima akisema anaogopa. Nililia, kwa sababu kama Bibi anaogopa basi hakuna anayelinda mlango. Naye akateremka kwenye zulia kwa magoti yake mabovu, akasema, "Haya, kama utatulia tukizigeuza, tuzigeuze." Tukageuza mbwa wote, mmoja mmoja, mimi kutoka mlangoni yeye kutoka kwenye sofa, mpaka zulia likawa jeupe. Sikutulia. Wala yeye.

Baba alirudi alasiri, peke yake. Alisimama mlangoni bila kuvua koti. Bibi alimtazama tu akajua, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," na Baba akasema, "Alikuwa mwanamume." Kisha akaona picha zake zimegeuzwa. Hakuuliza. Alipiga magoti akaanza kuziokota, na kila moja aliitazama kwanza, hata mbwa, kama mtu anayetafuta njia ya kutomaliza. Alipofika kwenye ile ya Mama aliishika kwa muda mrefu, kisha akaitia ndani ya koti lake. "Hii asiione," alimwambia Bibi. "Itamuumiza."

Wanaume wa msikiti walikwenda naye kumzika. Mimi sikupelekwa. Picha za mbwa zilifikishwa kwa wenyewe, zulia likabaki tupu, na sikuona malaika wala sikumngoja tena. Nilikuwa nimeshahukumu: mbwa ndio waliomuua mdogo wangu, na kopo lililowaita lilikuwa mkononi mwangu.

Mama aliporudi, Bibi alikuwa amefukiza udi nyumba nzima na kupika uji wa pilipili manga. Mama alikaa kwenye sofa, akanywa uji wote. Tulisimama tukimzunguka, kila mtu na mikono yake, hatujui pa kuiweka. Kisha akaweka bakuli chini.

"Picha yangu iko wapi?" aliuliza.

"Picha gani?" alisema Baba.

"Yangu na mwanangu."

Nilikimbia, kwani mwana wake ni mimi. Niliitoa kwenye droo chumbani ile tuliyopiga siku ya Idi, yeye na mimi kwa nguo za sare, nikaja nayo mbio nikamwekea mapajani. Mama aliipokea, akanivuta, akanibusu kwenye paji la uso. "Si hii, mama," alisema taratibu. "Ile ya mbwa."

Baba alitazama upande wa koti lake. "Niliiweka mbali. Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani." Sauti yake haikuwa kali. "Miezi yote ile hakuna hata mmoja katika nyumba hii aliyeweka mkono wake tumboni kwangu. Mnaogopa, najua, na mimi niliogopa, hata mwenyewe sikumsemesha. Kaja kaondoka hajasalimiwa na mtu. Ni yule mbwa tu. Yule ndiye aliyekuja akamsalimia, na yeye akamwitikia, nyote mlimwona. Nipe picha yangu."

Baba alisimama palepale akilia na mikono imening'inia. Aliyekwenda ni Bibi. Alikwenda mpaka lilipotundikwa koti, akaitoa picha, akaifuta kwa ncha ya kanga yake ingawa haikuwa na vumbi, akaja kuketi karibu na Mama mpaka mabega yakagusana. Waliitazama pamoja. Bibi aliinama karibu zaidi, maana miwani yake ilikuwa jikoni na hakutaka kuinuka.

"Hapa alikuwa anacheza?" aliuliza.

Mama aliushika mkono wa Bibi, akachagua kidole kimoja, akakiweka juu ya picha, pembeni kidogo ya pua ya mbwa. "Hapa."

Bibi hakukiondoa kidole chake. Nami nikapanda juu ya sofa katikati yao, nikaweka na changu.